Chama Mmemwona Wapi?

Nasema hivi, na atakayekasirika akasirike: vijana wengi wanaoandika juu ya wachezaji nyota katika kurasa kama hizi hawajapata kumwona nyota hata mmoja. Wameona picha yake kwenye kioo. Hayo ni mambo mawili. Na kwa kuwa hawajamwona, wanachokiandika si chao. Ni cha mshika kamera, kikapita kinywani mwa mtangazaji, kikawafikia kikiwa kimekwisha kutafunwa, na wao wanatutemea sisi wasomaji.

Nimechokozwa. Nina jamaa yangu hapa Mwanza, mshikaji kabisa, tunasomeana miswada Jumapili jioni. Siku hizi amekuwa mtaalamu wa besiboli. Msicheke, ni ule mchezo wa Wamarekani na Wajapani, wa rungu na kipira kidogo kigumu. Atakwambia Shohei Ohtani alisaini na Los Angeles Dodgers Desemba 2023 kwa dola milioni 700, miaka 10. Atakwambia mwaka 2024 bwana huyo alipiga mipira 54 iliyopita juu ya uzio na akaiba vituo 59, na kwamba kabla yake hakuna mtu aliyefikisha 50 kwa 50 katika msimu mmoja. Yote ni kweli, hakosei hata tarakimu. Ukimwuliza rungu lenyewe lina uzito gani mkononi, anakutazama kama mtu aliyedaiwa mbele ya wakwe. Hajalishika. Pale Dar es Salaam, Azania Sekondari, kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, vijana wa Kitanzania wanacheza hapo, na yeye Dar anakwenda kila mwaka. Hajaingia. Anasema hana muda.

Sasa huyu ndiye aliyenitolea kauli mbele ya watu. "Kaka, kwenda uwanjani siku hizi ni ushamba. Mimi nyumbani naona pembe zote, naona marudio, naona takwimu. Wewe uliyekaa juani umeona nini? Visogo vya watu." Kijiwe kizima kikacheka. Kwa kuwa kijiweni ana sauti kubwa kuliko mimi, namjibu hapa, ambako sauti zetu zinalingana.

Mimi ni mtu wa Murangi. Kwa wasiojua, Murangi iko Musoma Vijijini, kwa Wajita, ufukweni mwa Ziwa Victoria, kwenye mihogo na dagaa. Mchezaji mkubwa alikuwa anatufikia kwa masikio. Wazee wetu walikuwa na Redio Tanzania Dar es Salaam na betri zilizoanikwa juani zipate nguvu kidogo kabla ya mechi. Walimjua Sunday Manara wa Yanga, yule wa miaka ya 1970 aliyeitwa Kompyuta. Fikiri jambo hilo: kijiji kinamjua mtu anayeitwa Kompyuta, kompyuta yenyewe hakuna aliyeiona, na mtu mwenyewe hakuna aliyemwona. Mwaka 1979 Peter Tino aliposawazisha kule Zambia, Taifa Stars ikapata nafasi ya kwenda Nigeria kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 1980, goli lile lilifika Murangi likiwa na mkwaruzo wa mawimbi ya redio.

Lakini msikilizeni vizuri mzee anayelisimulia. Baba yangu mdogo, mvuvi, wakati ule alikuwa mtoto. Akilisimulia goli la Tino anasema "nilisikia". Hasemi "niliona", hata siku moja. Anajua mpaka wa alichonacho. Uwanja ameuchora mwenyewe kichwani, na ukimbana atakiri kwamba uwanja wake wa Zambia una mwembe nyuma ya goli, kwa sababu uwanja pekee aliokuwa ameuona maishani ulikuwa na mwembe nyuma ya goli. Hiyo naiita kazi ya fasihi, tena halali.

Kikaja kibanda umiza. Mabenchi ya mbao, turubai, jenereta nje linakohoa, noti mlangoni, Arsenal na Manchester United ndani. Na hapo lugha ikabadilika. Kijana anatoka kibandani anasema "nimemwona Rooney". Hakumwona! Ameoneshwa. Redio ilikunyima macho na wewe ukajua umenyimwa. Kioo kinakupa jicho la mtu mwingine nawe unadhani ni lako. Noma yenyewe iko hapo.

Na kibanda chenyewe sikidharau, maana nitasikia sasa hivi kwamba nimesoma nikawasahau wavuvi. Kibanda ni mahali pa kweli. Mle ndani kuna mtu anayesukuma goti la jirani kila mpira unapofika kwenye eneo la hatari. Kuna mwenye kibanda anayezima picha dakika ya 70 ili akusanye pesa ya waliopenya nyuma. Kuna kimya kinachoanguka jenereta likizimika, halafu matusi, kisha mtu mmoja gizani anaendelea kuitangaza mechi kwa kubuni na watu wanamsikiliza! Haya yote yanatokea mbele ya pua ya mwandishi chipukizi, bure kabisa, naye akirudi nyumbani anaandika juu ya nyasi za Old Trafford.

Basi niwaambie nilichokiona mimi.

Biashara United ya Musoma ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018. Wakubwa ikabidi watufuate. Katika misimu ile ndipo nilipomwona Clatous Chama kwa macho haya, Uwanja wa Karume, Musoma, kabla hajaondoka Simba mwaka 2021 kwenda RS Berkane ya Morocco. (Hapa Chama ni mtu, wazee wangu, tena Mzambia. Msinikamate.) Wakati huo nchi nzima ilikuwa inamwita Mwamba wa Lusaka. Desemba 2018 aliifunga Nkana dakika za mwisho Simba ikaingia makundi ya Klabu Bingwa Afrika, na Machi 2019 akaifanyia AS Vita vilevile, Simba ikaingia robo fainali. Mabao hayo mawili yalirudiwa kwenye vibanda vyetu mpaka watoto wakayajua kama sala.

Nilikwenda na huyo baba yangu mdogo. Alikuwa ametoka ziwani alfajiri, macho mekundu kwa moshi wa taa, hakulala, akaingia kwenye Hiace na harufu yake ya dagaa na hakuna aliyelalamika maana nusu ya gari ilikuwa inanuka hivyohivyo. Nauli ya kwenda na kurudi na viingilio vyetu wawili vilikula mapato ya usiku mzima. Tulikaa upande wa jua. Jamaa yangu ana haki kwenye jambo moja: visogo nimeviona, vingi. Nje ya ukuta watu walikuwa juu ya miti.

Kitu cha kwanza kilichonishtua ni kwamba Chama hakimbii. Au tuseme, hakimbii unapotegemea akimbie. Watu 21 wanahaha, yeye anatembea, mikono imelegea, kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Kwenye kioo hili huwezi kulijua, na sababu yake ni nyepesi sana: kamera inafuata mpira. Mchezaji yeyote, hata awe mfalme, katika dakika 90 anakuwa na mpira mguuni dakika chache tu. Zilizobaki zote hana mpira, na kamera haina habari naye. Kwa hiyo wewe uliyemtazama Chama miaka mitatu kwenye kioo, umetazama vipande alivyokuwa na mpira. Kazi yake hujaiona. Kazi yake ni ile ya kabla.

Kabla ya pasi kumfikia aligeuza shingo. Kushoto, kulia, halafu tena kushoto. Mpira ulikuwa bado uko kwa beki wake, mbali, wala hakuna aliyemwita. Alikuwa anahesabu watu nyuma yake kama mama anavyohesabu watoto wakati wa kuvuka barabara. Kisha akatoa kidole kimoja, chini, usawa wa paja, akamwonyesha mwenzake pa kwenda. Hakupaza mkono. Mpira ulipofika aliugusa mara moja tu, ukaenda palepale kidole kilipoelekea. Jukwaa likapiga kelele ya pasi. Kidole sisi tuliokaa upande ule tulikiona, wa kibandani hawakukiona.

Na kuna jingine. Karume ile haikuwa kapeti. Mapema tu katika mechi alitoa pasi fupi ya chini, mpira ukagonga kichuguu, ukaruka, adui akauchukua. Chama hakumlaumu mtu. Alitembea hadi pale, akapatazama, akapagusa kwa njumu. Tangu hapo mpaka mwisho hakupitisha mpira chini mahali pale tena. Akifika karibu anauinua kidogo, au anazunguka. Mimi nikawa namvizia: sasa atasahau. Hakusahau. Wachezaji wengine wa timu zote mbili, hata wenyeji wa uwanja, waliendelea kukwaa palepale. Nikaelewa kwa nini wanamlipa.

Mlio pia. Mpira ukipigwa na beki ulikuwa unatoa mlio wa mlango kubamizwa. Yeye akiupokea hausikii kitu. Kwenye kioo milio hiyo inafunikwa na mtangazaji, ambaye analipwa ili asinyamaze.

Kipindi cha pili, katikati, mpira ukiwa kona ya mbali kabisa, yeye alibaki karibu na upande wetu. Akainama, mikono magotini. Akavuta soksi, akaziacha zikashuka tena. Tuliona mgongo unapanda na kushuka. Baba mdogo alikuwa kimya tangu tuanze, anatafuna muwa. Akaniambia, bila kunitazama: "Mwanangu, kumbe naye anachoka."

Nimeyabeba maneno hayo tangu siku hiyo. Huyu ni mzee aliyekuwa amemtazama Chama kibandani wikiendi kwa wikiendi, na hakuwahi kumwona akichoka, kwa kuwa uchovu wa nyota hutokea mpira ukiwa kwingine. Alikuwa na mtu asiyechoka kichwani, mfano wa malaika. Sasa akawa na kibarua, mwenzake. Njiani kurudi Murangi alimzungumza Chama kama anavyowazungumza wavuvi hodari: nani anajua pa kutupa wavu, nani anaokoa nguvu za kupiga kasia kwa ajili ya upepo wa kurudi. Kwenye Hiace watu wengine walikuwa wanabishana juu ya refa.

Matokeo ya mechi sitayataja, makusudi. Matokeo ndiyo kitu pekee ambacho jamaa yangu wa takwimu alikuwa nacho sawasawa na mimi, hata kabla sijafika nyumbani. Ayachukue.

Sasa nirudi kwenye kalamu, maana hili si gazeti la michezo. Katika miswada tuliyosomeana kwenye kikundi chetu, saba ilikuwa na mechi ndani yake. Yote saba, goli linafungwa dakika ya 90. Katika mitano shujaa "anapaa kama tai". Katika yote "wavu unatikisika" na "uwanja unalipuka". Hakuna hata mmoja ambamo mtu anavuta soksi. Haya maneno si ya waandishi, ni ya watangazaji, na watangazaji wana udhuru: wanasema papo kwa papo, hawana muda wa kufikiri. Wewe una usiku kucha na taa, udhuru wako ni upi?

Na ugonjwa hauishii kwenye mpira. Mtu aliyejifunza kutazama kwa kamera anaandika kila kitu kwa kamera. Msichana analia, na sisi tunaoneshwa chozi moja tu likishuka polepole shavuni, kubwa, limejaza ukurasa, halafu tunakatwa ghafla tunapelekwa mahali pengine. Nani amewahi kuona chozi hivyo? Dada yangu akilia anapenga kamasi, anatafuta kanga, anamfokea mtoto aliyeingia kuchungulia. Jambazi anakimbia katika mvua kwenye mtaa wenye taa zinazong'aa kwenye lami. Lami ya wapi? Mtaa wake una tope na mbwa. Tunaandika marudio ya filamu za watu, kisha tunalalamika kwamba wachapishaji hawatutaki.

Najua hoja itakayoletwa: basi mtu asiandike asichokiona? Fasihi itakufa! Punguzeni jazba. Nimeshasema mwembe wa baba mdogo ni halali. Buni, bwana, buni mpaka kuche, lakini ubuni wewe. Ninachokipinga ni kukopa jicho na kusema ni lako. Na ikiwa mtu unayemwandika yupo, anapumua, anacheza Jumamosi umbali wa nauli, basi nenda. Wakubwa wetu walikwenda. Siti binti Saad alirekodi santuri Bombay mwaka 1928 na sauti yake ikaenea pwani nzima. Kila mwenye gramafoni alidhani anamjua. Shaaban Robert alipotaka kuandika wasifu wake hakutosheka na santuri. Alikutana naye, wakaketi wakazungumza, muda mfupi kabla ya bibi huyo kufariki mwaka 1950. Huyo ni Shaaban Robert, ambaye angeweza kubuni kuliko sisi sote tukiwekwa pamoja.

Ipo hoja nyingine ambayo ni nzito zaidi, nami siikimbii: nyota hawaji kwetu. Kweli. Wakija, wanashukia Dar. Brazil ilicheza na Taifa Stars Dar es Salaam tarehe 7 Juni 2010, ikatufunga 5-1, na Kaka na Robinho wote wawili wakafunga. Wayne Rooney alicheza Dar tarehe 13 Julai 2017, Everton na Gor Mahia ya Kenya, akafunga kwa shuti la mbali. Kijana mmoja akaingia uwanjani mbio akamkumbatia kabla askari hawajamkamata. Sisemi mvunje sheria. Ila yule kijana, katika watu wote waliosema siku ile "nimemwona Rooney", ndiye anayejua jasho lake lina harufu gani. Kutoka Musoma hadi Dar ni kutwa na usiku ndani ya basi, na mvuvi hana siku hizo. Kwa hiyo mwananchi wa Murangi anapata jezi ya mtumba yenye jina mgongoni, na kioo.

Hapo ndipo jamaa yangu wa besiboli angenitoa jasho kama angefikiri, lakini hafikiri, yuko kwenye simu. Ng'ambo ya ziwa hilihili, Uganda, watoto walicheza besiboli bila nyota kuwatembelea kila wiki. Mwaka 2011 timu ya watoto ya Kampala ilishinda nafasi ya kwenda fainali za dunia za watoto kule Williamsport, Marekani, wakanyimwa viza. Mwaka 2012 wakaenda wengine, wa Lugazi, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kufika pale. Na mwaka 2022 vijana wa Uganda wakasaini na Dodgers, klabu ileile ambayo Ohtani alikuja kusaini nayo mwaka uliofuata. Hao ndio wa kuandikwa. Mtoto wa Lugazi aliyeshika rungu ana habari ya Ohtani ambayo tarakimu 54 na 59 hazina: anajua kipira kikija kasi mkono unauma vipi ukikigonga vibaya. Jamaa yangu angeweza kuvuka ziwa akamuuliza. Au aende tu Azania, kwa basi la mjini.

Na hata sisi tulipopewa nyota mlangoni, tulifanya nini? Nitasema jambo ambalo litaniletea uadui Musoma. Siku ile Karume ilikuwa nyekundu. Timu ya nyumbani, timu yetu, iliyotuletea huyo Chama, ilishangiliwa na kona moja ya uwanja. Wengine wote, watoto wa Musoma, watu wa Majita, Bunda, Butiama, walikuja na jezi za mgeni. Na Yanga ilipokuja, rangi ikageuka njano na kijani kwa watu walewale wa namna ileile. Mimi sikuvaa jezi ya mtu. Kumpenda Chama si kosa, nimetumia kurasa nzima kumpenda. Lakini Chama hakuja Musoma kwa ajili ya mapenzi yetu. Alikuja kwa sababu kulikuwa na Biashara kwenye ratiba. Ukiiua Biashara umefunga barabara aliyopitia.

Msimu wa 2020/21 Biashara ilimaliza ya nne, ikaenda Kombe la Shirikisho Afrika. Timu kutoka Musoma! Ikaitoa Dikhil ya Djibouti. Ikapangwa na Al Ahli Tripoli, ikashinda mechi ya kwanza hapa nchini Oktoba 2021, ikabaki kwenda Libya kwa marudiano. Haikwenda. Safari ikakwama, timu haikutokea uwanjani, ikatolewa. Mimi kila nikifikiri juu ya kuona na kuonwa nawafikiria wachezaji wale: walikuwa zamu yao wao kuwa wageni kwenye uwanja wa watu, kwamba mtoto fulani wa Tripoli amwone kiungo wa Musoma akigeuza shingo kabla ya pasi. Mtoto huyo hakumwona mtu. Mwisho wa msimu uleule, mwaka 2022, Biashara ikashuka daraja.

Nani ameyaandika hayo? Nimetafuta katika majarida yetu haya ya vijana, riwaya, hadithi fupi, hata shairi bovu. Nimekuta mashairi kumi kuhusu Messi. Timu ya kwetu imefika Afrika na kuanguka katika mwaka mmoja, kisa ambacho ukikipeleka kwa mtunzi yeyote wa tamthiliya atakubusu mikono, na sisi tuliokuwa kilomita chache kutoka pale tulikuwa tunatazama upande mwingine, tunasubiri mtu atuoneshe.

Kwa hiyo nina ombi kwa mhariri, na ningependa alichape kama lilivyo bila kulilainisha. Kuanzia toleo lijalo, hadithi yoyote yenye mchezaji wa kweli, mwimbaji wa kweli, bondia wa kweli, mwandishi aambatanishe kikaratasi: nilimwona wapi, nilikaa upande gani, nini nilikiona ambacho hakikuoneshwa. Mistari mitatu inatosha. Asiye nayo arudishiwe mswada wake kwa adabu. Atakayeandika juu ya kibanda umiza apewe nafasi ya mbele, hasa akimwandika yule anayetangaza mechi gizani, maana nina hamu naye.

Na katika toleo hilohilo jarida limpeleke mtu mmoja Karume. Sina haja ya mechi kubwa. Timu mbili zozote za mkoa, Jumamosi, akae upande wa jua, aandike alichokiona mpira ulipokuwa kwingine. Najitolea kwenda. Baba mdogo amesema atakuja kutoka Murangi tukutane getini, kama ziwa litakuwa tulivu. Nauli ya Mwanza hadi Musoma mhariri anaijua.